AJALI YA PIKIPIKI: SAA YA KWANZA NI YETU

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kweli, lakini siku hizi umegeuka kichaka cha kuficha uzembe wetu. Mtu akianguka na pikipiki, akafa njiani, tunatikisa vichwa na kusema siku zake zilikuwa zimefika. Sisi hatukubaliani na faraja hiyo nyepesi. Ajali yaweza kukosa kinga, lakini kifo kinachokuja baada ya ajali mara nyingi kinazuilika, na wa kukizuia ni wale waliofika kwanza.

Tuchukue mfano wa Rondo. Nyanda hizo za Mkoa wa Lindi zimeinuka hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Njia zake zina miteremko mikali, na mvua za masika zikinyesha udongo huteleza. Tangu Serikali ilipotunga kanuni za pikipiki kubeba abiria kwa malipo, mwaka 2010, bodaboda imekuwa ndiyo gari la mwananchi wa kijijini. Hubeba mkulima na ufuta wake, mwalimu, na hata mama mjamzito. Hatuna sababu ya kuibeza. Lakini anayepata ajali huko juu yuko mbali na Hospitali ya Nyangao, iliyo kando ya barabara ya Lindi na Masasi, na mbali zaidi na Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Kwa hiyo daktari hawezi kuwa mtu wa kwanza kumfikia. Wa kwanza ni sisi.

Je, tukifika tunafanya nini? Ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi tunaanza na kelele. Mmoja anauliza nani mwenye kosa, mwingine anataka kumpiga dereva, wa tatu anamnywesha majeruhi maji. Kisha watu wanne wanamkamata mikono na miguu, wanampakia juu ya pikipiki nyingine katikati ya watu wawili, shingo ikining'inia. Aliyekuwa amevunjika mfupa tu anaweza kupooza kwa kubebwa hivyo.

Yafaa tujifunze utaratibu, nao si mgumu. Kwanza, wawekwe watu na matawi pande zote mbili za barabara, mbali kidogo, ili gari jingine lisije likaua na waokoaji. Pili, majeruhi asiondolewe pale alipo ila ikiwa kuna hatari ya moto au ya kugongwa. Kofia yake ngumu isivuliwe, isipokuwa inamzuia kupumua. Tatu, itazamwe kama anapumua. Akitapika, ageuzwe ubavu, kichwa, shingo na mwili vikigeuka kwa pamoja. Nne, damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa nguvu kwa kanga safi, na mkono usiondolewe kila mara kuchungulia. Tano, kiungo kilichovunjika kifungiwe gango la mti kama kilivyo, bila kukinyoosha. Aliyeungua kwa bomba la moshi amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala asipakwe mafuta wala dawa ya meno. Akibebwa, abebwe kwa machela au ubao, amelala chali, na mwili umenyooka.

Aidha, aliyegonga kichwa asiachwe kwenda kulala nyumbani kwa kuwa tu anaongea. Akianza kutapika, kusinzia au kuchanganyikiwa, hiyo ni dalili ya hatari. Wala aliyevunjika mguu asipelekwe kukandwa kabla ya kuonwa na daktari.

Sheria nayo ina lake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asimame, atoe msaada na kutoa taarifa polisi. Anayekimbia kwa kuogopa mwenye pikipiki anaongeza kosa juu ya kosa. Mashahidi waandike namba ya chombo, wapige simu 112, na wamwachie askari apime mahali pa ajali. Bima ya chombo ni lazima kisheria, na bila taarifa ya polisi majeruhi hupata taabu kudai haki yake.

Kwa viongozi tuna neno. Fomu ya Polisi Namba 3 ni hati ya haki, isigeuzwe ukuta kati ya anayevuja damu na mganga. Atibiwe kwanza, karatasi zifuate. Kila serikali ya kijiji iwe na machela na vitambaa vya kufungia majeraha, na kila balozi wa shina ajue vilipo. Madereva wa bodaboda, ambao ndio hufika mapema, wafundishwe huduma ya kwanza. Hospitali yetu ya mkoa ina jina la Ndugu Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya barabarani tarehe 12 Aprili, 1984. Jina hilo likumbushe kila ofisi kwamba barabara haichagui cheo.

Ndugu zetu wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songosongo wasidhani haya ni ya watu wa bara peke yao. Mwana wa kisiwani akishuka bandarini Kilwa Masoko, mara nyingi safari yake huendelea juu ya pikipiki. Tena anayeanguka mnazini hubebwa kwa utaratibu huo huo, na yeye bado ana bahari ya kuvuka.

Umoja wetu hupimwa pale mtu anapolala barabarani, hajulikani kwao wala hana jamaa karibu. Tusimzunguke kumtazama. Tumshike vema, tumfikishe hai.