Namba Juu ya Tanga

Mwamuzi wa resi ya ngalawa inayomalizika alasiri pale Forodhani, Unguja, hufanya kazi na jua usoni. Bahari ya Mji Mkongwe iko magharibi, na ngalawa zikigeuka boya la mwisho kurudi pwani huja zikiwa na jua mgongoni. Tanga lililokuwa jeupe mchana limekuwa kivuli. Watu ukutani wanapiga kelele, kila mtaa unamwita nahodha wake, na ngalawa nne zinakata mstari karibu kwa pamoja. Ya kwanza kila mtu kaiona. Ugomvi ni wa ya pili na ya tatu.

Alama tulizonazo ni za pwani, si za mashindano. Namba ya usajili hupakwa ubavuni, chini, ambako ndubi, miguu ya mabaharia na povu la maji huiziba. Wavuvi wenyewe hujuana kwa viraka: fulani ana kipande cha turubai la buluu karibu na joshi, fulani kashona gunia la unga. Hiyo ni elimu ya kweli, na mzee wa Nungwi aliyeishi na vyombo hivyo hakosei nayo, lakini haiandikiki kwenye karatasi ya matokeo. Na akija mdhamini na matanga mapya yenye nembo yake, yote sawasawa, hata mzee huyo anapotea.

Katika mashindano ya kimataifa ya vyombo vya matanga, jambo hili limeshapatiwa dawa. Shirika la World Sailing hutoa kanuni za mashindano na kuzipitia upya kila baada ya miaka 4, na ndani yake kuna nyongeza nzima inayohusu utambulisho wa tanga tu. Namba iwe ya rangi moja, isomeke bila taabu, na iwe pande zote mbili za tanga. Chombo chenye urefu wa mita 3.5 hadi 8.5, kundi ambalo ngalawa zetu nyingi zingeingia, kinatakiwa tarakimu za kimo kisichopungua milimita 300. Kisha kuna sharti ambalo mgeni akilisoma huliona la kichekesho: namba za upande wa kulia wa chombo zikae juu zaidi kuliko zile za kushoto.

Sharti hilo ni kama limetungwa na mtu aliyesimama Forodhani saa kumi na moja jioni. Kitambaa cha tanga hupitisha mwanga. Jua likipiga kutoka nyuma, namba ya upande wa pili hupenya, na ikiwa zote mbili zimebandikwa usawa mmoja, 25 ya huku inapandwa na 25 ya kule iliyogeuka kama kwenye kioo. Mwamuzi anabaki na madoa meusi. Moja ikiwa juu na nyingine chini, anasoma ile iliyokaa sawa na kuipuuza iliyogeuka. Gharama ya busara hiyo ni sentimita chache za kitambaa.

Hata hivyo kanuni hiyo haiwezi kuhamishwa nzima-nzima kwenye ngalawa. Iliandikwa kwa matanga yanayopanda sambamba na mlingoti, ndiyo maana inataka namba ziwe sehemu ya juu. Tanga letu linaning'inia kwenye foromali, mti wa mshazari unaopandishwa mlingotini, na kipande cha tanga kinatangulia mbele ya mlingoti. Upepo ukija upande mmoja linajaa vizuri. Ukija upande wa pili, kama foromali haikugeuzwa, kitambaa hulala juu ya mlingoti na kujikunja. Namba iliyobandikwa hapo inamezwa na mkunjo. Mahali pake ni nyuma ya mlingoti, kuelekea ukingo wa nyuma, juu kuliko vichwa vya mabaharia waliosimama kwenye mirengu. Nafasi ipo tele, kwa hiyo mimi nisingebana kwenye milimita 300. Ningefika hata 500. Herufi za nchi hazihitajiki kwa resi za nyumbani, kwani hizo ni za mashindano ya dunia, ya bara na mengine ya kimataifa yanayozitaka.

Sasa tuje kwenye katamarani, kwa sababu ndizo zilizoifikisha mbali zaidi fikra ya ushindani wa haki. Chukua Hobie 16, chombo kilichobuniwa California na Hobie Alter mwishoni mwa miaka ya 1960. Kina viunzi viwili vyembamba, urefu wa mita 5.05, upana wa mita 2.41 na uzito wa kilo 145 hivi, na zimeshaundwa zaidi ya laki moja. Zote zinatakiwa kuwa sawa. Huruhusiwi kuchonga kiunzi kiwe chembamba zaidi wala kurefusha mlingoti. Tanga hununuliwa kwa mtengenezaji mwenye idhini, kwa mkato uleule. Fundi wako wa mtaani, hata awe hodari vipi, haruhusiwi kukushonea la mashindano. Mabaharia wawili kwa pamoja wasipungue kilo 129, na wakipungua hubeba uzito wa kujazia. Upepo ukiwa mdogo au mkali, tanga ni lilelile.

Wenye mashindano hayo hawakuridhika hata hapo. Kwenye ubingwa wa dunia wa Hobie 16, waandaaji huleta vyombo vyao, vipya, na timu hubadilishana kadiri mbio zinavyoendelea ili pasiwe na mtu wa kusema fulani kapewa chombo chepesi. Hapo ndipo utambulisho unapokuwa roho ya mashindano. Namba ni ya chombo, si ya nahodha, na karatasi ya mwamuzi ndiyo inayosema namba ipi ilikuwa mikononi mwa nani katika mbio zipi. Karatasi ikikosewa, bingwa anakuwa mtu mwingine.

Ngalawa haiwezi kuingia kwenye mfumo huo, na sioni sababu ya kuilazimisha. Shina la mwembe halina pacha. Fundi hufuata gogo lilivyo; mbao moja hunywa maji kuliko nyingine; mwenye mtumbwi huupandisha pwani siku kadhaa ukauke, akaupaka mafuta ya sifa na deheni, na tayari amepata wepesi ambao jirani yake hana. Hiyo ni sehemu ya ufundi na watu wanakuja kuutazama. Ukisawazisha viunzi umeua resi na kubaki na michezo ya hoteli.

Ila tanga ni habari nyingine, kwa sababu kwenye tanga ndiko fedha huingia. Resi za ngalawa hapa hufuata kalenda ya sherehe, na sherehe hazichagui upepo. Za Mapinduzi, tarehe 12 Januari, huangukia kaskazi. Zile zilizoambatana na tamasha la filamu la ZIFF, katikati ya mwaka, huangukia kusi, nalo kusi hufika Forodhani likiwa limekwishapita juu ya kisiwa na mapaa ya mji, hivyo huja kwa mapigo: kimya, kisha kishindo. Tanga la foromali si rahisi kulipunguza katikati ya safari. Desturi ya pwani ni kubadilisha: kubwa kwa upepo mwembamba, dogo kwa upepo mkali. Nahodha mwenye matanga mawili anachagua asubuhi ya resi. Mwenye moja, lile analovulia, anakwenda nalo hivyohivyo, na siku ya kusi kali mabaharia wake watatu wananing'inia kwenye mrengu wa upande wa upepo wakiomba demani isikatike.

Anayeshindwa hapo hakushindwa ubaharia, kashindwa mfuko. Dawa ya Hobie, yaani tanga moja la kiwandani kwa wote, ni ghali na haifai. Ya bei nafuu ni kupima foromali. Ukubwa wa tanga letu unafungwa na urefu wa foromali kuliko kitu kingine chochote. Kitambaa huvutika na hubishaniwa, mti haubishaniwi. Weka foromali zote mchangani kabla ya kupandishwa, nyoosha kamba yenye alama mbili kutoka ncha hadi ncha, na ile inayozidi irudi nyumbani. Ngalawa ndogo na kubwa zipewe vikomo tofauti. Kila chombo kitangaze tanga moja kabla ya kuanza, mwamuzi alitie mhuri karibu na joshi, na mhuri huo ulingane na namba. Idadi ya mabaharia iandikwe pia, ili mtu asirukie majini karibu na boya kupunguza uzito. Msomaji anacheka, lakini anayejua resi hacheki.

Itabaki desturi ya kuazimana. Unguja mtu huazima tanga la shemeji yake bila kufikiri, na hapo namba 7 inaweza kuwa juu ya chombo namba 12. Kanuni za kimataifa zimeliona hilo: waandaaji wanaweza kuruhusu chombo cha kuazima kibebe namba isiyo yake, ilimradi wameitangaza ruhusa hiyo mapema. Zaidi ya hapo, chombo kikikutwa na kosa la namba, jopo la malalamiko linaweza kukipa onyo na muda wa kujirekebisha badala ya kukiadhibu papo hapo. Ningeomba kipengele hiki kichukuliwe kilivyo. Mvuvi aliyepoteza siku ya samaki kuja kushindana asifukuzwe kwa ajili ya kitambaa cha tarakimu.

Haya yote hayahitaji chama kipya wala mfadhili. Yanahitaji kitambaa cheusi, mkasi, uzi wa nailoni, kamba ya kupimia na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Wanaoandaa resi Forodhani, Kizimkazi na kwingineko, anzeni na namba msimu huu, na kikomo cha foromali kitangazwe mapema, wakati nahodha bado ana nafasi ya kukata mti wake. Namba zishonwe kwenye tanga wala zisipakwe rangi, maana rangi hukakamaza kitambaa na hupasuka tanga likikunjwa.