Padri Aliyewauliza Wazee

Sogeeni, wanangu wa Kirushya. Leo Mjomba hasimulii. Amemwachia mto Kagera. Unacheka nini? Mto umeona mengi!

Mto ukasema: "Mimi hunguruma pale Rusumo. Huku Ngara, kule Rwanda. Maji yangu mengine hutoka mbali, mto Nyabarongo. Basi huko Rwanda, mwaka 1912, alizaliwa mtoto, Alexis Kagame."

"Alikuwa mfalme?"

"La. Ukoo wake ulitunza habari za wafalme. Yeye akaenda seminari ya Kabgayi, na mwaka 1941 akawa padri."

"Padri na habari za wafalme, wapi na wapi?"

Ahaa! Hilo ndilo swali la mwenye akili. Sikiliza mto unavyojibu.

"Zamani habari hizo hazikuwa vitabuni. Zilikuwa vichwani mwa wazee. Huyu alikariri mashairi ya sifa. Yule alikariri nasaba, nani kamzaa nani. Na abiru walitunza siri za mila za ufalme. Kila mzee alikuwa mtungi uliojaa maji. Mtungi ukivunjika, maji yananywewa na ardhi. Nani atayazoa?

"Kagame akaliona hilo. Akawafuata wazee. Akauliza, akaandika. Akauliza tena, akaandika tena. Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa akamruhusu hata kuandika mambo ya abiru. Mwaka 1943 kikatoka kitabu chake Inganji Karinga, kwa Kinyarwanda."

"Aliandika mambo mazito tu?"

"Wapi! Alitunga pia shairi refu la kuchekesha, la kusifu nyama ya nguruwe! Kisha akaenda Roma, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1955. Alichunguza nini? Fikra zilizomo ndani ya lugha ya kwao."

"Na yote aliyoandika ni kweli?"

Hongera, mwanangu! Usiache kuuliza hivyo. Wazee wa ikulu husimulia zaidi mambo ya ikulu. Mkulima wa mlimani naye ana yake. Mwanahistoria Jan Vansina, Mbelgiji, hakukubaliana na tarehe ambazo Kagame aliwapa wafalme wa kale. Lakini angebishana na nini, kama Kagame asingeandika?

Kagame alifariki Nairobi mwaka 1981. Vitabu vyake bado vinasomwa, na watu bado wanabishana navyo.

"Sisi tufanye nini, Mjomba?"

Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kinyarwanda, na wazee wetu nao wanakumbuka. Chukua daftari. Muulize bibi: nani alikuwa wa kwanza kujenga kwenye mlima wetu? Andika, na jina la bibi uliweke. Kisha muulize babu wa jirani swali lile lile. Akisema vingine, usifute cha bibi. Andika yote mawili, kisha urudi uwaulize kwa nini wanatofautiana.