Majaji wa Kidato cha Pili

Mliokwenda TP mnajua ilivyo. Wiki mbili za kwanza unafundisha kwa moto, ya tatu unaanza kuhesabu siku. Mimi mwaka jana nilipangiwa sekondari moja ya kata hapa Kizota, na kwa kuwa nyumbani ni hukuhuku, si mbali na maghala ya NFRA, sikuhangaika na chumba wala nauli. Muda ukabaki. Nikaanzisha klabu ya kusoma kwa Kidato cha Pili, kila Jumatano baada ya vipindi. Niliwaahidi kitu kimoja: baada ya wiki sita tutatoa tuzo ya kitabu bora, na majaji watakuwa wao wenyewe. Mimi kura sina.

Wazo hilo sikulibuni. Nchi kadhaa zina tuzo za vitabu ambazo mshindi anachaguliwa na vijana. Marekani, kwa mfano, kuna orodha iitwayo Teens' Top Ten, iliyoanza mwaka 2003. Vitabu vinapendekezwa na vikundi vya vijana wanaosoma pamoja kwenye maktaba na shule, kisha vijana wa miaka 12 hadi 18 wanapiga kura kuchagua kumi vinavyowapendeza zaidi.

Ila iliyonivutia zaidi ni ya Ufaransa, Prix Goncourt des lycéens. Ilianza mwaka 1988 katika mji wa Rennes, kwa ushirikiano wa maduka ya vitabu ya Fnac na mamlaka ya elimu. Inafanya kazi hivi. Goncourt yenyewe ni tuzo kubwa ya wakubwa. Kila Septemba majaji wake wanatangaza riwaya kama kumi na tano zinazoshindania. Orodha hiyohiyo inapelekwa kwa wanafunzi wa sekondari kama 2,000, darasa zima kwa darasa zima, pamoja na vitabu vyenyewe. Wana miezi miwili hivi. Wanasoma, wanakutana na waandishi, wanabishana. Kila darasa linamchagua mjumbe wa kwenda kutetea vitabu vyao kwenye kikao cha kanda, na kutoka kanda wajumbe wachache wanakwenda kikao cha mwisho. Mshindi anatangazwa Novemba.

Na mara nyingi hawakubaliani na wakubwa. Mwaka 2016 wakubwa walimpa Leïla Slimani. Wanafunzi wakamchagua Gaël Faye, kijana aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, kwa riwaya yake ya kwanza, Petit pays. Ni habari ya mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda anayekulia Bujumbura, na jinsi vita vinavyoingia mtaani kwao. Bujumbura, wenzangu, ni jirani wa Kigoma. Mwaka 2000 walishampa Ahmadou Kourouma wa Ivory Coast, 2018 David Diop, na 2020 Djaïli Amadou Amal wa Kameruni. Kwa hiyo anayesema vijana wakiachiwa watachagua vitabu vyepesi vyepesi tu, aitazame orodha hiyo kwanza.

Sasa turudi kwetu. Sisi tuzo tunazo. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ya kwanza ilitolewa mwaka 2023, na mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10. Kabla ya hapo tulikuwa na Tuzo ya Burt, iliyoletwa na shirika la CODE la Kanada na kuendeshwa hapa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanzia mwaka 2008. Hiyo ililenga hasa vijana, na uzuri wake ni kwamba haikuishia kwenye hundi ya mwandishi: nakala za vitabu vilivyoshinda zilinunuliwa na kupelekwa shuleni na maktaba. Nahida Esmail, aliyeandika The Detectives of Shangani, ni mmoja wa waandishi waliotambulika kupitia tuzo hiyo.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, majaji wa tuzo zote hizo ni watu wazima. La pili, Burt hapa kwetu ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Yaani kijana wa Kitanzania anaandikiwa hadithi kwa lugha anayoipambania darasani, halafu mtu mzima ndiye anayesema kama hadithi hiyo inamfaa.

Tena historia yetu inaonyesha wakubwa wanavyoweza kukosea. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni ikidaiwa itaharibu watoto. Baadaye kitabu hichohicho kikawa cha kusomwa na kutahiniwa.

Basi nilipoingia pale shuleni na maboksi yangu nilijiona mkombozi. Sehemu ya boom ilikuwa imeshakwenda kwenye vitabu vinne, nakala mbilimbili. Viwili vya Kiswahili: Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo na Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba. Viwili vya Kiingereza: Takadini cha Ben Hanson na hicho cha Nahida Esmail. Wanafunzi 22 walijiandikisha. Sheria ilikuwa moja, nimeiandika ubaoni kwa herufi kubwa: HUJASOMA VYOTE VINNE, HUPIGI KURA. Niliona ni haki kabisa. Utahukumuje kitabu usichokisoma?

Vitabu vikaanza kuzunguka. Viliondoka vikiwa na harufu ya dukani, vikarudi na vumbi la Julai na alama za vidole vyenye mafuta ya karanga. Kuna wiki nakala moja ilipotea, kumbe dada wa mwanafunzi mmoja ameing'ang'ania nyumbani anamalizia. Nilifurahi kuliko nilivyokasirika.

Wiki ya sita, kati ya 22, waliomaliza vyote vinne walikuwa tisa. Siku ya kura akasimama kijana mmoja, akasema anataka kuchagua Takadini. Nikamuuliza kama amevisoma vyote. Akasema vya Kiswahili amesoma mwenyewe. Vile vya Kiingereza rafiki yake alikuwa anamsomea na kumtafsiria jioni, kwenye saluni ya kinyozi anakosaidia kazi, maana pale kuna taa hadi saa tatu. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kueleza: yule mama, Sekai, alivyozaa mtoto mwenye ualbino, alivyojua mila ya kwao itamtaka mtoto afe, alivyotoroka naye. Akasema kinachomuuma ni kwamba mama alilazimika kuwaacha watu wote anaowajua ili abaki na mmoja. Katika wiki zote sita hakuna aliyekieleza kitabu hicho vizuri kama yeye.

Nikamwambia sheria ni sheria. Kusomewa siyo kusoma.

Hakugoma wala hakununa. Alisema, "Sawa, madam," akakaa nyuma akawaangalia wenzake wakipiga kura.

Watoto wa Mama N'tilie kilishinda kwa kura nne. Binti mmoja alitoa sababu yake: yeye aliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, na mwandishi huyu anajua ile njia ya kurudi nyumbani asubuhi, wenzako wako darasani, inavyokuwa ndefu. Tulipiga makofi. Mwalimu wa zamu akapita akauliza tunashangilia mpira gani.

Jioni ile nikaangalia majina ya wale tisa. Karibu wote ni walewale wanaoongoza kwenye mitihani, walewale ambao Kiingereza hakiwasumbui. Mimi niliyekuja kuwapa vijana sauti nilikuwa nimewachuja kwa chujio lilelile la shule. Wale kumi na watatu hawakushindwa kupenda vitabu. Wengine hawakupata nakala kwa wakati, maana nakala mbili kwa watu 22 ni foleni. Wengine waligonga ukuta wa lugha ukurasa wa tatu. Na yule mmoja aliyetafuta njia ya kuupita ukuta huo, mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Hapo ndipo nilipoielewa vizuri ile ya Ufaransa. Mimi nilichukua sehemu ya kura, ambayo ndiyo rahisi. Sikuchukua zile nyingine zinazoibeba kura: vitabu vinaletwa hadi darasani, vimeandikwa kwa lugha ya darasa, na muda umetengwa. Halafu wanasoma kama darasa, wanajadili kama darasa, na anayepelekwa mbele ni yule anayeweza kukitetea kitabu. Kwa kipimo hicho kijana wangu wa saluni angekuwa mjumbe wa darasa.

Kwa hiyo ninalopendekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Kila mwaka chuo kinatawanya wanafunzi wa ualimu kwenye shule nyingi kwa wiki kadhaa. Tuchague vitabu vinne, vyote au vingi vyake viwe vya Kiswahili. Tukusanye nakala za kutosha: wengi tunavyo vilivyolala kabatini tangu kidato cha nne. Kila anayekwenda aendeshe klabu moja. Visomwe kwa sauti, ili asiye na nakala na anayesoma polepole wawemo. Mwenye haki ya kupiga kura awe yeyote anayeweza kusimama na kueleza kwa nini anakichagua kitabu hicho, hata kama alisomewa. Tukirudi chuoni tunajumlisha kura za shule zote, na mwandishi aliyeshinda tunamwalika, au kama ametangulia mbele ya haki tunamwandikia mchapishaji wake. Hela ya zawadi si lazima. Mwandishi akisikia kwamba vijana mia kadhaa wamemsoma na wamegombana juu yake, nadhani atakuja tu.

Nakala zangu nane bado ninazo, moja jalada limeng'oka. Atakayepangiwa TP mwaka huu na anataka kuanza nazo, aje azichukue.