Injini na Mota Chini ya Boneti Moja

Desemba 1997, Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani, gari la kwanza la haibridi kuundwa kwa wingi. Lilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.5, mota ya umeme na betri.

Siri ya kuokoa petroli iko kwenye breki. Dereva akipunguza mwendo, magurudumu huizungusha mota, nayo hufua umeme unaorudi kwenye betri. Kwenye gari la kawaida nguvu hiyo hupotea bure kama joto. Foleni ikisogea, gari huondoka kimya kwa umeme, bila moshi.

Bado linachoma petroli, lakini kwa miji yenye foleni ni nafuu kubwa.

Anayenunua gari la haibridi lililotumika akague tundu la hewa ya kupoza betri, ambalo kwenye Prius liko karibu na kiti cha nyuma. Likizibwa na vumbi, betri hufa mapema.