Hesabu Magogo Kabla ya Kununua Mashine ya Kupasulia Mbao

Katika wilaya za Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, paina zilizopandwa na wananchi kandokando ya mahindi na viazi zinazidi kukomaa, na kiangazi kikiingia swali lile lile hurudi majumbani: kwa nini nimlipe mwenye mashine aje apasue miti yangu, na mashine yenyewe inauzwa? Mwulizaji ana ekari mbili za miti, ana nyumba ya kuezeka, labda ana kijana anayesomea useremala. Ameshaona mashine ndogo ya msumeno wa mkanda ikivutwa nyuma ya pikapu, ikasimamishwa shambani, na kabla ya jua kuzama rundo la magogo limekuwa mbao zilizonyooka.

Kwa familia nyingi zinazoniuliza, jibu langu ni kwamba wasinunue. Wakodi. Lakini mashine wanayoikodi waichague kwa ukali ule ule ambao wangemchagulia fundi wa paa, kwa sababu fedha nyingi za mwenye miti hazipotelei kwenye ujira wa kupasua. Zinapotelea kwenye vumbi.

Kila msumeno unapopita kwenye gogo hula unene fulani wa mti. Huo ndio upana wa mkato, na ndio unaozitenga mashine zetu. Dingidongi, ile ya msumeno wa duara juu ya fremu iliyochomelewa kwenye karakana za hapa hapa, hula milimita 6 hadi 8, na zaidi pale meno yanapopanuliwa bila kipimo. Msumeno wa mnyororo, chenso kama wengi wanavyouita, hula milimita 8 hadi 10. Ukishikwa kwa mkono bila fremu ya kuuongoza, ubao hutoka mnene huku na mwembamba kule, na seremala analazimika kupunguza tena kwa randa. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 hadi 3 tu. Zipo pia mashine za duara ambazo bledi yake hulala na kusimama juu ya gogo lililotulia, kama Lucas Mill ya Australia. Hizo zimetengenezewa miti mikubwa isiyobiringishika, na mwenye paina hana haja nazo.

Milimita 5 za tofauti zinaonekana ndogo mpaka uzichore kwenye uso wa gogo. Chukua gogo la paina la futi 12, lenye kipenyo cha sentimita 30 upande mwembamba, ganda likiwa limetolewa. Unataka mbao za inchi mbili kwa nne. Zipange mbili kwa upana na nne kwenda juu, jumla vipande vinane. Kwa mkato wa milimita 3, boksi la vipande hivyo lina pande za sentimita 20.6 na 21.2, na kutoka pembe hadi pembe ni kama sentimita 29.6. Linaenea ndani ya duara la 30, kwa kubanana. Kwa mkato wa milimita 8, boksi lile lile linakuwa 21.1 kwa 22.7, na pembe hadi pembe linafika 31. Halienei. Ama pembe zitoke na ganda, ama ukubali vipande sita safi na kingine kilichobaki ukitoe mbao ndogo na mabanzi.

Sasa peleka hesabu hiyo kwenye paa. Tuseme fundi amekuandikia vipande 300 vya mbili kwa nne. Kwa vipande vinane kila gogo, unahitaji magogo 38. Kwa sita, unahitaji 50. Magogo kumi na mawili yamekwenda, na ni yale ya chini, manene, yaliyokula miaka mingi kuliko sehemu nyingine ya mti. Siwabezi wenye dingidongi. Mashine yao inafika mahali ambapo gari halifiki, vipuri vyake viko kila mji, na mbao zilizoezeka nyumba nyingi za Dodoma na Dar es Salaam zimepita humo. Lakini mwenye miti anapaswa kujua kwamba bei ya chini ya kupasua inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Faida hiyo ya mkato mwembamba, hata hivyo, huipati kwa kumiliki. Unaipata hata kwa kukodi. Kwa hiyo umiliki unabaki na hoja moja ya kujitetea nayo, yaani wingi wa kazi, na hapo ndipo familia nyingi zinaposhindwa. Nitatumia namba za mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Mashine iwe shilingi milioni 20. Kukodi kuwe shilingi 1,000 kwa kipande. Ukiwa na yako, mafuta, mikanda na vibarua vikugharimu 600 kwa kipande. Unaokoa 400. Gawanya: mashine inarudisha fedha yake baada ya vipande 50,000. Paa lako lilikuwa vipande 300. Hata ukiwaezekea ndugu tisa wengine, mmefika 3,000.

Igeuze hesabu hiyo iwe miti. Vipande 50,000, kwa vinane kila gogo, ni magogo 6,250. Ekari moja ya paina iliyopandwa mita tatu kwa tatu huanza na miche kama 450. Ikipunguzwa ipasavyo na kubaki na miti 300 mizuri, kila mti ukatoa magogo mawili ya kupasuliwa, ni magogo 600. Unahitaji zaidi ya ekari kumi zilizokomaa vizuri, na hapo nimehesabu kwa ukarimu, kwa sababu gogo la pili kwenda juu huwa jembamba kuliko la kwanza. Mwenye ekari mbili atafanya kazi siku chache, kisha mashine itakaa bandani ikingoja miti mingine ikue, mikanda ikipata kutu na mipira ya injini ikikauka.

Kuna jambo jingine ninalolisema kwa uchungu, maana naona miti mingi inavyoangushwa mapema. Wakulima wengi hukata paina ikiwa na miaka minane au tisa, ada ya shule ikibana au dalali akija na fedha mkononi. Gogo lenye sentimita 18 upande mwembamba hutoa mbili kwa nne safi ngapi? Mbili. La sentimita 30 linatoa nane. Kipenyo hakijaongezeka hata mara mbili, vipande vimekuwa mara nne. Isitoshe, mbao za mti mchanga zina sehemu kubwa ya kiini laini ambacho nyuzi zake hazijatulia: zikikauka hujipinda, hujikunja, na misumari huzipasua. Kwa mtu kama huyu, anayetafuta mashine wakati miti yake ina miaka tisa, hakuna msumeno duniani utakaompa faida kama kusubiri miaka mingine saba au minane na kupunguza miti dhaifu njiani. Najua si kila nyumba inaweza kusubiri. Inayoweza, isubiri.

Milingoti, yaani mikaratusi, ina tabia yake. Mti uliosimama huwa umejikaza ndani, nje ukivutana na katikati ukibanwa, na msumeno unapoufungua nguvu hiyo huachiliwa. Ndiyo sababu gogo la mlingoti hupasuka vichwani mara tu likiangushwa, na ubao unaotoka upande mmoja hujikunja kama upinde huku ukiutazama. Mpasuaji anayeijua kazi hukata upande mmoja, hugeuza gogo, hukata upande wa pili, akienda hivyo kwa zamu ili mvutano utoke sawasawa. Halali na magogo hayo wiki nzima, hupasua mapema. Ukimkodi mtu, muulize angepasuaje mlingoti. Jibu lake litakuonyesha kama mashine iko mikononi mwa fundi au mikononi mwa dereva tu.

Na uzito? Lile gogo letu la paina, likiwa bichi, ni karibu robo tani. Picha za matangazo huonyesha msumeno ukiteleza kwenye gogo. Hazionyeshi watu wanne na mitaimbo wakilipandisha. Katika upasuaji wa nyumbani, kazi kubwa iko kabla na baada ya msumeno: kuangusha, kukata vipimo, kuvuta, kubiringisha, kubeba mbao, kusogeza mabanzi. Mashine ndogo za bei nafuu hazina mikono ya kunyanyulia gogo, kwa hiyo anayenunua mashine ananunua pia haja ya watu wenye nguvu kila siku ya kazi. Wawe na viatu vigumu, miwani, vizibo vya masikio, na nguo zisizoning'inia. Dingidongi nyingi hazina kifuniko juu ya bledi. Mashine ya namna hiyo usiiruhusu ifanye kazi kwako mpaka kifuniko kifungwe, hata kama mwenye nayo atasema amefanya kazi miaka yote bila nacho.

Kukausha mbao ndiko kunakosahaulika na wote, wamiliki na wanaokodi. Ubao wa paina ukitoka kwenye msumeno unaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na mti wenyewe mkavu au hata kuzidi, wakati samani ya ndani inataka asilimia 12 hivi. Ukirundika mbao mbichi zikigusana, hasa msimu wa mvua, ukungu huziingia na kuzipaka rangi ya bluu ambayo haitoki kwa randa. Zipange juu ya vigingi, fito kavu za inchi moja zikizitenganisha kila baada ya futi mbili, fito za juu zikiwa zimekaa sawa na za chini yake mpaka mwisho wa rundo. Vichwa vya mbao vipakwe rangi au nta, bati liwe juu, upepo upite kati. Kwa paa, miezi miwili ya kiangazi cha Nyanda za Juu inasaidia sana. Kwa kabati au mlango, ngoja zaidi na upime. Paina pia haijilindi na mchwa, kwa hiyo mbao za paa zitiwe dawa kabla hazijapanda juu.

Je, yupo wa kununua? Yupo. Seremala mwenye oda za kudumu, anayechoka kununua mbao za vipimo vya uongo sokoni, anaweza kuwa na hoja. Mwenye shamba la ekari nyingi lililopandwa kwa awamu, kila mwaka likiwa na kipande cha kuvuna, anayo pia. Lakini mnunuzi ninayempenda zaidi ni kikundi. Vyama vya wakulima wa miti vipo katika vijiji vingi vya Iringa na Njombe, na wanachama ishirini wenye ekari mbilimbili wana ekari arobaini ambazo hazikomai mwaka mmoja. Hapo hesabu ya vipande 50,000 inaanza kuwa na maana, mradi kikundi kiandike mapema nani anashika funguo, nani anatangulia kupasuliwa, na ni kiasi gani cha kila kipande kinawekwa akiba ya mikanda na injini.

Halafu pawe na mtu mmoja aliyefundishwa kunoa. Kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichopo Mafinga hufundisha kazi za namna hii, na ada ya mafunzo ni ndogo ukilinganisha na mashine iliyoharibika. Mkanda wa msumeno huchoka baada ya saa chache za kazi, na huchoka upesi zaidi gogo likiwa limeburutwa kwenye mchanga, au ukiwa mti wa uani ulioota ukameza msumari wa kamba ya nguo. Tofauti na bledi ya dingidongi, mkanda haunolewi vizuri kwa tupa na jicho. Unataka mashine ya kunolea na kifaa cha kupanga meno. Kikundi kisicho na vitu hivyo kitarudi kwenye dingidongi ndani ya msimu mmoja, na deni la benki likiwa bado changa.

Kabla ya kulipa, pita kwa ofisa misitu wa wilaya. Kupasua miti yako kwa paa lako ni jambo moja. Kupasulia wengine kwa malipo au kuuza ni biashara ya mazao ya misitu, yenye usajili wake, na mbao zinazosafirishwa zinahitaji hati ya kusafirishia. Miti ya asili kama mninga na mvule, hata ikiwa ndani ya shamba lako, usiiguse bila kibali.

Ukikuta mashine iliyokwisha tumika, usivutiwe na rangi mpya. Zungusha kwa mkono magurudumu yanayobeba mkanda, usikilize beringi. Kaza mkanda, uache dakika kumi, uone kama umelegea wenyewe. Kisha leta gogo lako la futi 12, mwambie muuzaji atoe ubao mmoja wa inchi moja, na upime unene wake kila baada ya futi mbili, kingo zote mbili. Ukikuta mahali pamezidi pengine kwa zaidi ya milimita 2, ama reli imepinda ama mkanda haushiki njia. Omba wabadilishe mkanda, wapasue ubao wa pili. Kasoro ikibaki pale pale, imo kwenye reli, na reli iliyopinda hainyooki kwa nyundo ya shambani.