Je, Ni Bahati Mbaya Tu?



Tunapopeleka malalamiko ya ugonjwa kazini, mara nyingi mwajiri hujibu kwamba ni bahati mbaya tu, kwani hata wengine huumwa. Ipo hesabu ya kulipima jibu hilo. Inaitwa kai-mraba, na ilitolewa na Mwingereza Karl Pearson mwaka 1900.

Tuchukue mfano. Shamba la kahawa lina wapiga dawa 100 na wachumaji 100. Katika mwezi mmoja wapiga dawa 30 wameumwa kichwa, na wachumaji 10. Jumla ni wagonjwa 40. Kama dawa haihusiki, tungetazamia wagonjwa 20 na wazima 80 kila upande.

Sasa tutafute tofauti kati ya tuliyoyaona na tuliyoyatazamia. Ni 10 kila mahali. Zidisha 10 kwa 10, unapata 100. Kwa wagonjwa, 100 gawa kwa 20 ni 5. Pande mbili ni 10. Kwa wazima, 100 gawa kwa 80 ni 1.25, pande mbili ni 2.5. Jumla yote ni 12.5.

Kama ni bahati tupu, hesabu ya namna hii hupita 3.84 mara 5 hivi tu katika kila 100. Sisi tumefika 12.5. Neno "bahati mbaya" halitoshi tena.

Mwajiri atauliza: tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani? Tumeona watu 20 zaidi katika kila 100. Kwa hesabu ya mipaka, aliyoieleza Jerzy Neyman mwaka 1937, tofauti ya kweli inakadiriwa kuwa kati ya 9 na 31. Njia hii ikitumiwa mara nyingi, mipaka yake huukamata ukweli mara 95 hivi katika kila 100. Na sifuri haimo ndani ya mipaka yetu.

Lakini tujihadhari. Tukihesabu watu 10 tu kila upande, wagonjwa 3 kwa 1, jibu ni 1.25, na kwa watu wachache hivyo hata kipimo chenyewe hakiaminiki. Tena, hesabu haisemi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha; labda wapiga dawa ndio wanaoshinda juani zaidi. Hilo nalo lichunguzwe.

Kwa hiyo, ndugu viongozi wa matawi, andikeni watu wote, wagonjwa na wazima, pamoja na kazi na saa zao. Anayeandika wagonjwa peke yao hana cha kulinganisha mezani.