Ndege ya Kitani Juu ya Handeni

Mtu aliyeshika njia ya Korogwe au Handeni mwezi wa Juni 1916, siku zile jeshi la Jenerali Smuts lilipokuwa likifuata Mto Pangani na kuwasukuma Wajerumani kusini, yamkini alisikia mngurumo juu ya kichwa chake, akainua macho, akaona chombo ambacho lugha yetu ilikuwa bado haijakata shauri kukiita eropleni au kukipa tu jina la ndege.

Chombo hicho, BE2c, kilikuwa cha Kikosi cha 26 cha anga cha Waingereza. Msomaji aliyezoea vindege vya abiria katika kiwanja kidogo kama cha Kilindoni, kisiwani Mafia, angekiona leo asingejizuia kucheka: mbao nyembamba zilizokazwa kwa waya na kuvishwa kitani, injini ya nguvu za farasi 90, mwendo usiofika kilomita 120 kwa saa; na la ajabu zaidi, rubani aliketi nyuma na mpelelezi mbele, amezungukwa na nguzo na waya za mabawa, hata akipewa bunduki asijue aelekeze wapi asije akajipiga mwenyewe. Huko Ulaya taksiri hiyo iliwagharimu vijana wengi roho zao. Huku haikudhuru, kwa kuwa Wajerumani wa huku hawakuwa tena na ndege ya kupambana nayo.

Hasimu wake hapa alikuwa hewa yenyewe. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi, na ile ya nyuzi 35 ina uzito pungufu wa ile ya nyuzi 15 kwa zaidi ya sehemu 6 katika 100; basi bawa hukosa cha kuegemea, panga hukosa cha kukata, na injini, ambayo nayo hula hewa, hubaki na njaa. Haya yalikwisha kudhihirika mwaka 1915, ndege za majini za Sopwith zilipoletwa kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914 kisha ikajificha Rufiji: gundi ililegea, mbao zikapinda, na zenyewe zikashindwa kupanda na mzigo wa mabomu.

Zikaletwa nyingine, Caudron na Farman za Kifaransa, zikaruka kutoka Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mpelelezi wake Arnold walizunguka juu ya delta ya Rufiji, ilhali chini yao manowari za Waingereza Severn na Mersey zikipiga mizinga kupita juu ya mikoko bila kumwona adui. Arnold akawapelekea habari kwa simu ya upepo, mbele kidogo, kushoto kidogo, mpaka risasi zikapata shabaha. Ndege ilipopigwa na kuanza kushuka, hakuacha kurekebisha shabaha mpaka walipoanguka mtoni, na wote wawili wakaokolewa. Bomu hata moja la ndege halikuizamisha Königsberg. Kilichoizamisha ni jicho.

Lakini jicho lile lile lilipofika Handeni lilipofuka, wala si kwa uzembe wa marubani. Manowari ni kitu kikubwa kilichokwama mahali pamoja. Askari na wapagazi waliotandazika chini ya miti, wakienda usiku na kutulia mchana, huonekana kutoka juu kama pori tupu. Fauka ya hayo, Wajerumani walikuwa wameitoa mizinga yote 10 ya Königsberg majini, wakaitengeneza Dar es Salaam na kuikokota barani. Basi Julai 1916, kwenye kambi ya Msiha, kusini ya Handeni, askari wa Smuts waliokuwa wakijichimbia mashimo walinyeshewa na makombora ya mzinga wa manowari iliyokwisha kuzama mwaka mzima.

Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Chuma chake jua la mchana hukipasha moto kiasi cha kuunguza kiganja.